Plasta ya Umuganda

Ufa ulianza kwa kula soksi.

Soksi yenyewe ilikuwa ya kijivu, ya mteja mmoja aliyehama mtaa wa Nyakabanda, hapa Kigali, bila kuaga. Praxeda aliisokomeza ukutani kwa kidole gumba ili upepo usimpulizie mjukuu. Soksi ikakaa. Masika yaliyofuata ufa ukadai fulana. Kisha ukadai shati, tena la mikono mirefu, na kola yake. Mwaka huu, mvua za kwanza zilipopita, ulimeza suruali ya polisi aliyehamishiwa kusini, na Praxeda alipoisukuma ndani kwa mpini wa mwiko aliona mpini nao unakwenda tu, unakwenda, kama vile upande wa pili kulikuwa na mtu anauvuta.

"Mama, huyu utamvisha mpaka koti," Kaliza alisema kutoka kitandani. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, na kitanda kilikuwa kimesukumwa mbali na ukuta huo hadi mlango haukufunguka wote. "Sisi wenyewe makoti hatuna."

"Nyamaza, nimulikie na simu."

"Tena anachagua. Juzi nilimpa taulo, akalitema."

Praxeda hakucheka, ila bega lake lilicheza kidogo. Binti yake alikuwa na mdomo wa kuuzwa sokoni. Baba wa mtoto alikimbia mimba, na Kaliza akamwita mtoto Pretty, akisema angalau mmoja katika nyumba hii awe mzuri kwa jina.

Praxeda alikuwa dobi. Alifua, lakini hasa alipiga pasi, pasi ya mkaa, mezani barazani, na mitaa yote ya karibu ilijua kwamba nguo ikipita kwake hata inzi akitua anateleza. Mkunjo ulikuwa adui yake binafsi. Alikulia Karagwe, Tanzania, ng'ambo ya mpaka, akarudi na mume, na mume akajenga nyumba hii ya matofali ya udongo, rukarakara, ubavuni mwa kilima, enzi ambazo kilima kilikuwa kilima tu. Siku hizi kilikuwa na jina la kitaalamu. Kiliitwa manegeka, mahali pa hatari. Mume alikufa kabla ya kulisikia jina hilo, mwenye bahati.

Juu yao, nyuma ya ukuta mrefu wenye nyaya za umeme, palikuwa na nyumba ya ghorofa. Bomba lake la maji ya mvua lilitoboa ukuta na kuchungulia chini kwa Praxeda. Mvua ikinyesha lilitema, kama mtu anayetema mate bila kuangalia nani yuko chini.

*

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu walipokusanyika na majembe na mapanga kwa kazi ya pamoja, Léonidas alipanda juu ya jiwe. Léonidas alikuwa mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji, mtu mfupi mwenye kofia ya majani na sauti kubwa kuliko kifua.

"Wataalamu wanakuja," alisema. "Wanapima hatari. Kila nyumba itaangaliwa. Nyumba mbaya itapakwa X nyekundu, nyumba nzuri itapewa duara la kijani."

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Rangi nyekundu waliijua wote. Miaka ya nyuma ilipakwa upande wa bondeni: leo X, kesho katapila, keshokutwa unalala kwa shemeji anayekuhesabia vijiko vya chai. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwa na ndugu aliyelia mbele ya X.

"Mimi," Léonidas aliendelea, akijipiga kifua, "mudugudu wangu hautoki na X hata moja. Leo hatuchimbi mitaro. Leo tunapiga plasta. Tunaanza kwa mjane."

Wote wakageuka kumtazama Praxeda, na Praxeda akatazama chini kwa aibu ya furaha. Watu walichanganya udongo kwa miguu, wakiimba. Saruji alileta Léonidas mwenyewe. Walipofika kwenye ufa, kijana mmoja akavuta mguu wa suruali ya polisi.

"Acha humohumo," Léonidas alisema. "Itashika plasta. Ni kama nondo."

"Zege la suruali," Kaliza akasema, na watu wakacheka hadi mmoja akaangusha mwiko.

Wakaziba. Wakalainisha. Wakapaka chokaa. Jua lilipokausha, ukuta ule ulikuwa kama shati lililotoka mkononi mwa Praxeda mwenyewe. Alipitisha kiganja chake juu yake, polepole, akitafuta mkunjo. Hakuupata.

Aliyekataa plasta alikuwa mmoja tu: jirani yake, Gahongayire, mwanamke aliyefuga mbuzi ndani ya jiko na kurundika magunia hadi dirishani. Alikuwa na ugomvi na Léonidas, wa zamani kiasi kwamba wote wawili walisahau chanzo chake na kubaki na hasira tupu.

"Nyumba yangu ni chafu kwa hiari yangu," alipiga kelele kutoka mlangoni. "Asiguse mtu!"

"Utaondoka na X wewe," Léonidas akamwambia.

"Basi uje unibebee mbuzi."

*

Mtaalamu alikuja Jumatano. Aliitwa Lusekelo, kijana mrefu kutoka Mbeya, mhandisi wa kampuni iliyopewa kazi na mradi wa kupima hatari. Alivaa buti safi na alishika tableti iliyofungwa kwenye nailoni.

"Shikamoo, mama."

Moyo wa Praxeda ukalainika. Ilikuwa miaka mingi hajaamkiwa hivyo. "Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu sana. Kaliza, leta kiti!"

"Asante mama, nasimama tu. Naangalia nyumba kidogo."

Léonidas, aliyekuwa nyuma yake kama kivuli, aliingia katikati na Kiswahili chake cha mjini. "Karibu, patron. Hapa iko safi. Ukuta iko nguvu, tena nguvu sana. Hapana wasiwasi kabisa."

Lusekelo alizunguka. Alipima mteremko. Alipiga picha. Alitazama bomba lililochungulia juu ya ukuta wa jirani wa ghorofa, akapanda kwenda kubonyeza kengele. Mbwa ndiye aliyejibu. Kisha mlinzi, kupitia tundu la geti, alisema bosi amesafiri. Lusekelo akarudi akaandika kitu, akafuta, akaandika tena. "Haikufikiwa," alijisemea.

Aliingia ndani. Pretty alikuwa amelala. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara hapa, mara pale, alipofika katikati akasikiliza.

"Plasta hii ya lini, mama?"

Praxeda akafungua mdomo.

"Ya zamani," Léonidas alisema. "Huyu mama anatunza sana. Iko mama ya isuku, ya usafi. Hata wewe, ukiacha shati hapa, itarudi kama mupya."

Lusekelo akatabasamu, ila macho yake hayakumwacha Praxeda. Alikuwa akisubiri. Praxeda akaona mkono wa Léonidas umeshika mlango, kucha bado zina saruji ya Jumamosi. Akaona barazani majirani waliokanyaga udongo wake kwa miguu yao, wamesimama, wanasubiri kijani. Akaona katapila.

"Tunatunza, baba," alisema.

Duara lake la kijani lilikuwa la kwanza. Lilipakwa kando ya mlango, rangi ikatiririka kidogo chini, na Praxeda akaifuta kwa kitambaa ili liwe duara kweli. Jioni hiyo Léonidas alinunua Fanta. Gahongayire alipata X, kubwa, juu ya dirisha na magunia, akakaa kwenye jiwe na kulia huku mbuzi wake akitafuna kamba ya kiatu cha mhandisi.

"Nenda kamfariji," Praxeda alimwambia binti yake.

"Nimwambie nini? Kwamba tumeshinda?"

*

Tangazo lilikuja baada ya wiki, kwa kipaza sauti cha gari.

Safari hii katapila haikuja. Mradi ulikuwa mpya, na fedha zake mpya. Wenye X wote wangehamishiwa kwenye fleti za Batsinda, za matofali ya kuchoma, zenye bomba ndani, kabla ya mvua kubwa. Wenye duara wangebaki walipo, kwa kuwa wataalamu wamethibitisha kwamba walipo ni salama. Hawaruhusiwi kuongeza wala kubadilisha chochote kwenye nyumba hadi mradi uishe.

Praxeda alikuwa akipiga pasi. Alisimama na pasi hewani hadi Kaliza alipomshika mkono na kuirudisha kwenye kibati.

"Tumefaulu mtihani, mama," Kaliza alisema. "Ila zawadi wanapewa waliofeli."

Gahongayire aliondoka asubuhi moja ya jua, juu ya pikapu, magunia yote, mbuzi amekaa mbele na dereva. Alimkumbatia Praxeda kwa muda mrefu, na hakumcheka.

"Ungekuwa mchafu kidogo tu, dada yangu," alimwambia sikioni. "Kidogo tu."

Mvua ikaja wiki hiyohiyo. Bomba la juu likatema. Na kwenye ukuta mweupe, pale pale, ukatokea mstari mwembamba kama uzi. Praxeda alipitisha kidole. Uzi ukashika ukucha.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa kontena lililokatwa madirisha, upande wa pili wa mji. Praxeda alikaa nje hadi Lusekelo alipotoka kwenda kula.

"Shikamoo, mama." Alimkumbuka. Uso wake ulionyesha kwamba angependa asimkumbuke.

Praxeda alimweleza yote. Soksi, fulana, suruali ya polisi, umuganda. Hakuficha kitu. Alisema hata habari ya nondo, na Lusekelo hakucheka.

"Siku ile nilihisi," alisema. "Ukuta ulilia kama debe. Nikakuuliza."

"Uliniuliza mbele yake."

"Ningekuuliza mbele ya nani, mama? Taratibu zinataka kiongozi awepo."

"Sasa nimekujibu. Badilisha."

"Mama yangu, nakuamini. Ila nikishatuma, nimetuma. Picha zinaonyesha ukuta mzima."

"Nikibandua plasta, upige picha nyingine?"

"Usithubutu!" Aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Ufa ukionekana baada ya tathmini, wanasema ni wa mwenye nyumba. Kwamba umebomoa mwenyewe ili upate fleti. Kuna mzee wa Gahanga alichukua nyundo. Sasa hana duara, hana X. Kafutwa."

"Kafutwa vipi, na mtu yupo?"

"Yupo. Kwenye mradi ndio hayupo."

Praxeda alitazama buti za kijana. Zilikuwa bado safi. Mtu fulani alimsafishia. "Kwa hiyo nikae niangalie mpaka ianguke."

"Ikianguka..." Lusekelo aliangalia tena kontena. "Ikianguka, mama, hiyo inakuwa dharura. Dharura ni idara nyingine."

Kisha kijana akasema, haraka, kama anayetaka kulipunguza zigo lake, kwamba njia ilikuwepo moja. Mkuu wa mudugudu aje kwa msimamizi, aseme kwa mdomo wake kwamba plasta ilipigwa kabla ya ukaguzi. Basi. Wangerudi kesho yake.

"Atakuja?" aliuliza.

"Wewe unamjua Léonidas," Praxeda akajibu.

*

Léonidas alimkaribisha vizuri, akampa kiti chenye mto. Walizungumza Kinyarwanda, na katika Kinyarwanda Léonidas hakuwa mchekeshaji hata kidogo.

"Mukecuru, bibi yangu, unataka niende nikaseme niliwadanganya wakubwa?"

"Useme mlipiga plasta."

"Ni hilohilo."

"Mlinisaidia. Sikulaumu. Sote tulijua nyekundu ni katapila."

"Tulikusaidia!" Alirukia neno hilo kama mtu aliyepata mahali pa kukanyaga. "Watu walikanyaga udongo kwa ajili yako. Leo wote waitwe, waulizwe nani aliziba, nani aliimba? Hayo ndiyo malipo yao?"

"Mjukuu wangu analala pale, Léonidas."

"Mhamishe chumba."

"Chumba kingine kipi?"

Alivua kofia, akaitazama ndani. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya huruma. "Nikuulize kitu. Marehemu alipojenga, alikuwa na kibali?"

Praxeda aliunyoosha mkunjo wa mto aliokalia.

"Hakuwa nacho. Hakuna aliyekuwa nacho huku. Duara lile la kijani ndilo linafanya asikuulize mtu. Wenye X hawakuulizwa. Wewe ukilivuruga, watafungua kila kitu, na asiye na kibali hapelekwi Batsinda. Anapelekwa barabarani tu. Mimi nakulinda, na wewe hujui." Akavaa kofia, akachangamka. "Tena nina habari njema. Nyumba yako imechaguliwa nyumba ya mfano. Wageni wanakuja Jumamosi, mgeni rasmi, mpiga picha, zawadi. Mudugudu mzima, mukecuru, na wamekuchagua wewe."

Njiani kurudi, Praxeda alipita kwa Gahongayire bila kukusudia. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa. Pale palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa na miche midogo ya mianzi, kila mmoja na kijiti chake cha kuushikilia.

*

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapungua, ikawa manyunyu. Ufa ulikuwa umefunguka wenyewe, kutoka juu ya dirisha hadi chini, ndani na nje, na kipande cha plasta kimeanguka barazani na alama ya mwiko juu yake.

Léonidas alifika kabla ya wageni. Alitazama, akafumba macho, akafumbua.

"Tutundike kitenge," Kaliza alisema. "Tuseme ni pazia la dirisha lililopotea njia."

"Kitenge kitaonyesha tunaficha." Léonidas aliokota kile kipande cha plasta, akakitia mfukoni mwa koti. Akamshika Praxeda mabega, kwa upole, akamsogeza. "Simama hapa. Mgongo ukutani. Ukishasimama usisogee hadi waondoke."

"Léonidas."

"Nakuomba. Kwa ajili ya wote."

Magari yalikuja. Mgeni rasmi alikuwa mwanamke wa umri wa Kaliza, amevaa buti za mpira zenye maua, na aliongea vizuri, kwa moyo kabisa. Alisema nyumba hii inaonyesha kwamba usafi ni ngao. Alisema mwananchi akishirikiana na wataalamu, maafa hayana pa kuingilia. Lusekelo alikuwa nyuma yake na mwavuli. Macho yake yalikwenda moja kwa moja juu ya kichwa cha Praxeda, pale ufa ulipokuwa umempita kwa urefu. Yakakaa hapo. Kisha akaanza kuyachunguza maua ya zile buti.

Zawadi ilikuwa ndoo mbili za rangi nyeupe, na brashi.

"Unajisikiaje, mama?" mgeni rasmi aliuliza.

Mgongoni mwa Praxeda maji yalikuwa yanaingia, baridi, kupitia gauni, yakifuata uti wa mgongo. Aliwaona majirani wote, wamevaa nguo alizozipiga pasi yeye. Wengine walimtazama. Wengine walitazama kilima.

"Sema neno, mukecuru," Léonidas alisema, kicheko kimemganda usoni. "Amefurahi hadi ameishiwa maneno!"

Watu wakapiga makofi.

Mpiga picha alipiga magoti, akatazama, akanyanyuka. "Kuna kitu pembeni, kinatokea kushoto. Kama mstari."

"Familia!" Léonidas alisema. "Familia nzima! Kaliza, njoo na mtoto, simama hapo kwa mama yako. Karibu zaidi. Hapo."

Kaliza alimtazama mama yake. Akaja, Pretty kifuani, akaegemea. Mstari ukaisha.

Kitu kikagusa kifundo cha mguu wa Praxeda. Alishusha macho bila kushusha kichwa. Pindo la suruali ya polisi lilikuwa limechomoza chini ya ukuta, limelowa, linasukumwa nje taratibu na tope. Akalikanyaga kwa kisigino.

"Vizuri," mpiga picha alisema. "Tabasamu. Mama, rudi nyuma kidogo. Guseni ukuta kabisa."

Praxeda hakurudi nyuma. Ukuta ndio uliomfuata.

"Hapo hapo," mpiga picha akasema. "Msitikisike."